Bibi Hakula Halua

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi, Tanga, jioni moja ya Ramadhani kabla ya futari

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni. Masheikh wetu, mama zangu mliokaa huko nyuma karibu na masufuria, walimu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita ambao najua mmelazimishwa kuja. Nimeambiwa nina muda mpaka adhana ya magharibi, na sijawahi kuona msemaji aliyeshindana na harufu ya sambusa akashinda. Kwa hiyo naanza na hesabu. Hesabu huamsha watu.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kwa mtu mwenye afya ambaye hajala, kila lita ina glukosi, yaani sukari ya damu, kama gramu 1. Tano kwa moja ni tano. Chukua kijiko cha chai pale mezani, chota sukari, kata kilima chake kwa kidole. Hiyo ndiyo sukari yote inayozunguka katika damu yako sasa hivi, utosini mpaka kwenye ukucha wa mguu. Kijiko kimoja.

Sasa tutazame matumizi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia, ubongo hula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Kwa siku unataka glukosi kiasi cha gramu 120. Gawanya kwa saa 24. Unapata gramu 5 kwa saa, yaani kijiko kile kile.

Sisi tumekula daku, tukafunga. Tuseme wali wako ulimaliza kuingia kwenye damu saa nne asubuhi. Kwa hesabu yangu, saa tano kila mtu humu ndani alipaswa kuwa ameanguka chini. Sasa inakaribia saa kumi na mbili jioni na mnanitazama, wengine hata mnasinzia kwa raha zenu. Ukipima damu yenu sasa hivi, kile kijiko kimejaa vilevile. Kuna mtu anakijaza. Jioni hii nataka tumjue ni nani, na kwa nini ni yeye peke yake wakati wenzake wana akiba kubwa kuliko yake.

Lakini kwanza niwape kisa cha nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kisukari, kile cha ukubwani. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma bayokemia, najiona mtu. Kliniki wakampa kazi ya kupima sukari usiku kabla ya kulala na alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, aandike kwenye daftari. Usiku mashine inasoma 7, yaani milimoli 7 kwa lita, kipimo cha mashine za sukari. Alfajiri inasoma 9 na kitu. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mtu amelala, hajala, na sukari imepanda! Nyumba nzima ikaelewa jambo moja tu: Bibi anaamka usiku anakula halua. Lilikuwepo kopo la halua kabatini, zawadi kutoka Unguja. Alipopeleka daftari, muuguzi akamwambia, "Bibi, mashine haidanganyi." Bibi akajibu, "Mashine haidanganyi, basi mimi ndiye mwongo?" Akanyamaza, na alipokuwa akinyamaza bibi yule, hata kuku walijua.

Kopo lile nililihamishia chumbani kwangu mimi, kwa mkono wangu. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimefanya mtihani, na swali moja lilikuwa hilo hilo la bibi, ila bila bibi. Nilipata alama nzuri.

Tutamrudia. Sasa, ili tumjue anayejaza kijiko, tuanze na neno moja, maana limetuponza. Kiswahili kinasema kimeng'enya, kutokana na kumeng'enya, kuvunjavunja kitu kiwe vipande. Ndiyo maana mwanafunzi ukimwuliza kimeng'enya kiko wapi, anakuonyesha tumbo. Mjerumani Wilhelm Kühne, aliyelitoa neno la kizungu, enzyme, katika miaka ya 1870, alilichukua kwenye Kigiriki kwa maana ya "ndani ya hamira", na kwangu picha hiyo inakaa vizuri zaidi. Hamira haivunji tu. Inafanya unga uwe kitu kingine. Vimeng'enya, protini zinazofanya mageuzi kama hayo mwilini, vimejaa katika kila seli, kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kidole gumba. Vingine vinavunja, vingine vinajenga, vingine kazi yao ni kubandika alama tu. Damu inayopita kwenye ini ndiyo inayopita kwenye paja, na sukari ni ile ile. Kinachofanya ini litende hivi na paja litende vile ni vimeng'enya ambavyo kila mmoja anavyo, na alivyonyimwa.

Mwaka 1855, huko Paris, Claude Bernard alikuwa akitafuta sukari ya mwili inatoka wapi. Wakubwa wa enzi zake waliamini mnyama hatengenezi sukari, anaila tu kutoka kwenye mimea. Bernard akachukua ini la mnyama aliyetoka kufa, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka maji yanayotoka hayana sukari hata kidogo. Ini limeoshwa likaisha. Akaliacha. Kesho yake akalipima tena, akakuta sukari tele. Hakuna damu, hakuna chakula, hakuna hata mnyama, na bado ini linatoa sukari! Miaka miwili baadaye akaipata ghala yenyewe, unga mweupe tunaouita glikojeni, ambao ni glukosi zilizoshikana kama mkungu wa ndizi. Mama zangu mnaokaanga maini mnalijua hili kwa ulimi: maini yana utamu fulani ambao nyama ya paja haina. Na ukilichemsha ini mapema, vimeng'enya vinakufa, ghala inabaki imefungwa.

Hapa ndipo penye utata. Ini la mtu aliyeshiba lina glikojeni kama gramu 100. Misuli yote kwa pamoja ina kama gramu 400. Tajiri ni misuli. Lakini tangu asubuhi misuli haijatoa hata chembe moja ya glukosi kumpa jirani. Ubongo ungekufa kwa njaa pembeni ya tajiri huyo.

Kwa nini? Glukosi ikiingia kwenye seli yoyote, jambo la kwanza hupigwa muhuri. Hubandikwa fosfeti, kipande kidogo cha kemikali. Ikishapata muhuri huo haiwezi kupita tena mlangoni, imekuwa mali ya nyumba hiyo. Watu wa bandari mnanielewa. Ili itoke, lazima awepo wa kuufuta muhuri. Kimeng'enya hicho kinaitwa glukosi-6-fosfatasi. Ini linacho. Figo zinacho. Misuli haina. Ndiyo basi. Msuli si mchoyo wa tabia. Hauna tu mwenye kufungua mlango wa kutokea.

Na anayepiga muhuri pia si mmoja. Kwenye ubongo na misuli yupo heksokinasi. Huyu ana uchu. Hata sukari ikiwa chini sana kwenye damu, yeye anaikamata na anafanya kazi karibu kwa nguvu zake zote. Kwenye ini yupo ndugu yake, glukokinasi, ambaye ni mstaarabu. Sukari ikiwa ya kawaida hana haraka. Inabidi ifike kama milimoli 8 kwa lita ndipo afikie nusu ya kasi yake. Maana yake nini? Chakula kikija, ubongo unajichukulia wake bila kungoja, na ini linapokea kile kilichozidi. Na wakati kama huu, tukiwa tumefunga, glukokinasi hata mlangoni hayupo. Kuna protini inamshika na kumfungia ndani ya kiini cha seli, asije akachukua kwa mkono huu sukari ambayo ini linatoa kwa mkono ule. Nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo. Mtu angepewa kazi ya kupanga hivyo asingepanga vizuri hivyo.

Masheikh wanatikisa vichwa. Naam.

Utajuaje kwamba ufutaji wa muhuri ndio siri yenyewe? Kwa mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho. Daktari Mjerumani Edgar von Gierke alieleza ugonjwa huo mwaka 1929: mtoto ana tumbo kubwa, ini limevimba kwa glikojeni, limejaa mpaka pomoni, na saa chache baada ya kunyonya sukari ya damu inaporomoka, mtoto anatetemeka, anapata degedege. Ghala imefurika, mlango hauna wa kuufungua. Mwaka 1952 Carl na Gerty Cori walionyesha kwamba ni glukosi-6-fosfatasi iliyokosekana. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi wa namna hii kufungwa moja kwa moja kwenye kimeng'enya kimoja cha ini. Gerty Cori, wanangu wa kike, ndiye mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya tiba, mwaka 1947, pamoja na mumewe na Bernardo Houssay wa Ajentina, baada ya kukaa miaka mingi na cheo kidogo na mshahara mdogo hali mumewe ni profesa.

Tiba ya watoto hao itawachekesha. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba wanga wa mahindi, ile kornflawa ya kuzitia uzito supu, ukikorogwa na maji baridi na kunywewa mbichi, humeng'enywa polepole sana na kuteremsha glukosi kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Mbichi, si uji. Ukiupika umeuharibu, utaingia wote kwa mpigo. Mzazi anaamka usiku, anakoroga kijiko, anampa mtoto. Yaani mkono wa mama na kijiko vinafanya kazi ya kimeng'enya kisichokuwepo.

Na kinyume chake upo. Mwaka 1951 Brian McArdle, London, alieleza habari za kijana wa miaka 30 ambaye akifanya kazi nzito kidogo misuli inakaza na kuuma, na damu yake haipandi laktati, mabaki ya sukari iliyotumika kwa kasi, kama ya wenzake. Baadaye ikaonekana hana fosforilasi ya misuli, kile kimeng'enya kinachochuma glukosi kwenye mkungu wa glikojeni. Ini lake zima kabisa, sukari yake ya damu haina neno. Kwa nini ini lipone? Kwa sababu fosforilasi ya ini ni nyingine. Zinafanana kazi, lakini kila moja ina mwajiri wake. Ya ini inasikiliza glukagoni, homoni ya njaa inayotoka kwenye kongosho, na inapunguza kazi ikiona glukosi imejaa. Ya misuli haina habari na glukagoni, msuli hauna hata sikio la kuisikia. Inaamshwa na kalisi inayomwagika msuli unapokunjwa, na adrenalini, homoni ya hofu, na dalili kwamba chaji ya seli inaisha. Ini linauliza, "Damu ina hali gani?" Msuli unauliza, "Mimi nina hali gani?"

Mwanafunzi kule mbele ameinua mkono. Sema, mwanangu. Anauliza: basi glikojeni yote ya misuli inaishia misulini, haina faida kwa mwingine? Swali zuri, na linanisahihisha kidogo. Msuli hautoi glukosi, lakini ukifanya kazi ya kasi hutoa laktati. Ile inakwenda ini, ini linaijenga upya kuwa glukosi, linaufuta muhuri, linairudisha. Mzunguko huo ndio wenye jina la akina Cori. Hata sasa tumekaa unaendelea, kwa sababu seli nyekundu za damu hazina mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kabisa, hazijui njia nyingine ila kuigeuza glukosi kuwa laktati na kuitupa. Ini linaokota, linatengeneza, linarudisha.

Mnajiuliza ini linapata wapi nguvu ya kujenga yote hayo na lenyewe linafunga. Kwenye mafuta. Tangu mchana insulini yenu, homoni ya shibe, imeshuka, na lipasi za mafuta ya mwili zimeachiwa, zinayakata mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Moyo unayapenda mafuta hayo kuliko sukari. Upo kimeng'enya kinaitwa lipoproteini lipasi, kinachokaa kwenye kuta za vishipa vidogo na kupokea mafuta yanayopita. Ukila, kinachangamka kwenye shahamu ya mwili. Ukifunga, kinalala huko na kuchangamka kwenye moyo na misuli. Kimeng'enya ni kile kile, zamu tofauti. Na mfungo ukizidi siku kadhaa, si huu wetu, ini huyapika mafuta kuwa ketoni na kuupelekea ubongo. Ini lenyewe haliwezi kuzila. Limenyimwa kimeng'enya cha kuzitumia. Mama zangu, mpishi asiyeonja hata chumvi.

Kuna jambo moja ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote, nitalisema haraka. Mwaka 1980 Wabelgiji Henri-Géry Hers na Emile Van Schaftingen waliipata molekuli ndogo inayoamua seli ichome sukari au iache. Anayeitengeneza na anayeiharibu ni protini moja, yenye vichwa viwili. Sasa simba akitokea mlangoni hapo, Mungu apishe mbali, adrenalini inamwagika kwenye damu ya kila mmoja. Kwenye ini, protini ile inabandikwa fosfeti, kichwa cha kuharibu kinaamka: ini linaacha kuchoma sukari, linaitoa nje. Kwenye moyo, ndugu yake naye anabandikwa fosfeti, lakini mahali pengine, na kinachoamka ni kichwa cha kutengeneza: moyo unachoma sukari kwa kasi. Homoni moja, alama moja, na huyu anasikia "toa" wakati yule anasikia "tumia".

Sasa Bibi.

Anayeliambia ini linyamaze ni insulini. Ukila, insulini inapanda, vimeng'enya vya kutoa na kujenga sukari vinapunguzwa, ghala inafungwa. Kwenye kisukari cha ukubwani, sikio la ini limekuwa zito. Insulini inasema, ini halisikii vizuri, linaendelea kutoa kana kwamba mtu amefunga siku mbili. Na kuelekea alfajiri, mwili unapojiandaa kuamka, homoni mbili, kotisoli na homoni ya ukuaji, hupanda, na zote mbili hulisukuma ini litoe zaidi. Mtu mwenye insulini ya kutosha hajui hata kama limetokea. Bibi aliamka na 9. Hakula halua. Ini lake ndilo lililoamka usiku likafungua kabati.

Dawa aliyokuja kupewa, metfomini, ambayo wengi wenu mnayo kwenye mikoba, kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kulipunguza ini lisimwage sukari ovyo. Siku namweleza haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kopo liko wapi.

Kwa wanaofunga na kisukari, niseme hili bila mzaha. Zipo dawa, kama glibenklamaidi, na sindano ya insulini yenyewe, ambazo zinaliambia ini "funga" hata kama hujala tangu alfajiri. Ini likitii, na mkono wa chakula haupo, kile kijiko hakina wa kukijaza. Ndipo mtu anatoka jasho baridi saa tisa mchana, anaongea ovyo, watu wanadhani ni ukali wa saumu. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama, apange dozi upya. Pima mchana. Masheikh wengi wamesema tone la damu kidoleni halivunji saumu, na walio hapa watanisahihisha. Ikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, fungua hapo hapo. Ikizidi 16.6, vilevile. Usingoje adhana.

Naona mama wameanza kupanga sahani, kwa hiyo la mwisho ni tende. Tende inapoiva ina kimeng'enya chake ndani, invatasi, ambacho kwenye tende laini huikata sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi huko huko juu mtini. Kazi ambayo utumbo wako ungeifanya imeshafanywa na mtende. Fruktosi hiyo ikifika kwenye ini hugeuzwa kitu kidogo ambacho huenda moja kwa moja kwa ile protini iliyomfungia glukokinasi kwenye kiini, na kuifanya imwachilie. Mtu wetu mstaarabu anatoka, anakwenda mlangoni, anaanza kupiga mihuri. Tende moja tu, na ini ambalo limekuwa likitoa tangu asubuhi linaanza kupokea.

Hiyo adhana. Mzee wangu, anza wewe, chukua ile laini.